Kipande Hiki Sasa ni cha Nani?

Kiraka chenyewe, yaani badiliko dogo la msimbo wa programu, kilikuwa cha mistari 38. Nilikisoma mara nne, nikauliza swali moja kuhusu jina la kigeu, nikakipitisha. Siku ya tisa tangu kiingie kwenye mashine zenye kazi za kweli, mashine moja ikaanguka. Kesho yake zikaanguka mbili. Nyingine zikafuata kila moja kwa saa yake, bila mpangilio ambao mtu angeushika akasema, naam, hapa ndipo penye tatizo.

Wakati huo nilikuwa kwenye timu ndogo iliyotunza kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya vifaa vya mtandao. Haikuwa Linux, ingawa mawazo mengi tuliyachota huko bila aibu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupitia msimbo wa wenzangu, na sehemu iliyoniangukia ni ile ambayo wengi huikwepa: mgawaji wa kumbukumbu. Huyu ndiye anayepokea maombi ya kila mtu ndani ya kerneli. Naomba baiti 200. Naomba ukurasa mzima. Nimemaliza, chukua chako. Programu ya kawaida ikiharibu kumbukumbu yake, kerneli huiua na maisha yakaendelea. Mgawaji wa kerneli akiharibu, hakuna aliye juu yake wa kumzuia, na anayeanguka huwa ni mwingine kabisa ambaye hakukosea kitu. Ripoti ya ajali hukuonyesha aliyeteleza. Haikuonyeshi aliyemwaga maji sakafuni.

Kiraka kile kilikuwa cha kuongeza kasi. Mgawaji wetu wa mwanzo alikuwa na orodha moja ya vipande huru kwa kila ukubwa, na kufuli moja mlangoni. Prosesa nane zikitaka kipande kwa pamoja, saba zinasubiri. Dada mmoja aliyejiunga nasi mwaka ule akaleta dawa ambayo wagawaji wa siku hizi karibu wote wanayo: kila prosesa iwe na orodha yake ndogo, ichukue na kurudisha humo bila kumuuliza mtu, iende kwenye kufuli kubwa pale tu orodha yake inapokauka. Wazo sahihi kabisa. Majaribio yalipita yote na kasi ikapanda kiasi cha kuonekana bila kupima.

Ili uone kilichotupata, inabidi ujue jinsi orodha hizi zinavyotunzwa. Kipande kikiwa huru hakina mwenyewe, kwa hiyo mgawaji hukigeuza kuwa daftari lake: kwenye baiti nane za mwanzo za kipande hicho huandika anwani ya kipande huru kinachofuata. Hakuna kumbukumbu ya ziada inayotumika. Kuchukua kipande ni hatua tatu tu. Soma kichwa cha orodha. Soma, ndani ya kipande hicho, anwani ya kinachofuata. Andika anwani hiyo kuwa kichwa kipya. Umemaliza, mpe mwombaji kipande chake.

Sasa chukua orodha yenye A, kisha B, kisha C. Uzi mmoja, yaani mfululizo mmoja wa kazi ndani ya kerneli, unaomba kipande. Umesoma kichwa, ni A. Umesoma kinachofuata, ni B. Kabla haujaandika, kadi ya mtandao inaleta katizo, na prosesa inaacha kila kitu ikaihudumie. Dereva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, inahitaji vipande viwili vya kupokelea data. Inaomba, inapewa A. Inaomba tena, inapewa B. Kichwa cha orodha sasa ni C, kama inavyopasa. Katizo linaisha, uzi wetu unaamka pale pale ulipoachwa, haujui kilichopita, na unaandika kwamba kichwa ni B. Halafu unaondoka na A.

Kuanzia dakika hiyo A ina wenyewe wawili. Na B, ambayo dereva inaitumia, imerudi kwenye orodha ya vipande huru. Hakuna kilichoanguka bado. Data inaingia kutoka kwenye waya na kuandikwa juu ya B. Anakuja mwombaji mwingine, anapewa B, na mgawaji anasoma baiti nane za mwanzo za B akidhani ni anwani ya kipande kinachofuata. Si anwani tena, ni data ya mtandao. Mwombaji wa baada yake ndiye anayekanyaga shimo.

Tulilijua hilo kwa bahati, na nalikumbuka kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Ripoti ya ajali ilikuwa na namba ndefu ya heksadesimali (ya tarakimu za msingi wa 16) kwenye rejista, yaani kishikio cha namba ndani ya prosesa, namba isiyofanana na anwani yoyote ya kerneli. Tuliitazama siku mbili. Kisha mwenzetu aliyekuwa akifunga vifaa vile kwa mikono yake akasimama nyuma yangu akasema, "Isome kutoka kulia, tarakimu mbili mbili." Nikasoma. "Hiyo ni stika iliyo chini ya kile kifaa," akasema. Ilikuwa kweli. Fremu ya Ethernet, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye waya, huanza na baiti sita za anwani ya kadi inayopokea, na prosesa ile huhifadhi namba kwa kuanza na baiti yenye thamani ndogo, kwa hiyo zilionekana kinyumenyume. Mgawaji wetu alikuwa amefuata anwani ya kadi ya mtandao akidhani ni njia ya kwenda kwenye kipande huru.

Kilichoniuma si kwamba kosa lilikuwa gumu. Lilikuwa rahisi, na kiraka kilikuwa kimelionyesha waziwazi kwa mtu anayejua pa kutazama. Ile mistari 38 ilikuwa ya kuongezwa. Juu yake kulikuwa na mistari mitatu ya kufutwa, na mmoja wa hiyo ndio uliokuwa ukichukua kufuli la zamani. Funksheni ile ya kufuli ilifanya kazi mbili: ilifunga mlango, na ilizuia makatizo wakati mlango umefungwa. Tulipoondoa kufuli kwenye njia ya haraka tuliondoa na kinga ya makatizo, kimyakimya. Mwandishi alikuwa amezuia uzi usihamishwe kwenda prosesa nyingine, na akadhani inatosha. Nami nikadhani hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nasoma kilichoongezwa. Kilichofutwa nilikipita kama mtu anavyopita takataka alizokwisha kuzifagia.

Tangu hapo huanza na mistari iliyofutwa. Naichukua mmoja mmoja na kuuliza ulikuwa unafanya kazi gani, zote, pamoja na zile ambazo aliyeuandika hakuzitaja. Wengine huniona mchelewaji. Ni kweli, nachelewa.

Dada yule alileta marekebisho siku ile ile. Alipendekeza tusizuie makatizo, maana kuyazuia na kuyaachia kuna gharama. Badala yake, kabla ya kuandika kichwa kipya, prosesa ihakikishe kwa amri moja isiyokatika kwamba kichwa bado ni kile kile ilichosoma. Kama ni A, andika B. Kama si A, anza upya. Ni amri ambayo prosesa nyingi za leo zinayo, na kwa macho ya haraka inamaliza tatizo.

Safari hii nilichukua karatasi na penseli. Katizo linaingia. Linachukua A. Linachukua B. Halafu linamaliza kazi na A na kuirudisha. Kichwa cha orodha ni nini? A. Uzi wetu unaamka, unakagua, unaona A, unaridhika, unaandika B kuwa kichwa. Lakini B iko mkononi mwa dereva. Jina ni lile lile, hali imebadilika. Linux, katika mgawaji wake aitwaye SLUB, kwa miaka mingi imetumia mbinu hiyo hiyo ya kulinganisha, ila ililinganisha vitu viwili kwa pamoja: anwani ya kichwa na namba inayobadilika kila orodha inapoguswa. Anwani inaweza kurudi ilivyokuwa; namba hairudi nyuma. Nilimwandikia, "Dada, hebu jaribu na A iliyoondoka ikarudi." Baada ya saa moja akajibu, "Duh. Kaka, nimeiona." Tukachagua kuzuia makatizo. Kasi ilipungua kidogo na hakuna aliyelalamika.

Swali ambalo naandika mara nyingi kuliko yote pembeni ya viraka vya watu lilizaliwa wiki ile: kipande hiki sasa ni cha nani? Nauliza katika kila mstari, hata kama ni mstari wa kipuuzi. Jibu sahihi ni moja tu, jina la mmiliki mmoja. Wakiwa wawili, kuna hitilafu. Asipokuwepo yeyote, kuna kumbukumbu inayopotea. Na kama jibu linahitaji sentensi yenye "kwa kawaida", naomba kiraka kirudishwe.

Chukua mfano wa kurasa, yaani vipande vya ukubwa mmoja ambavyo kumbukumbu yote hugawanywa. Chini kabisa ya baadhi ya kerneli, Linux ikiwemo, kurasa hugawanywa kwa mfumo wa vipande pacha. Wazo ni la 1963, la Harry Markowitz, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi isiyohusiana kabisa na kompyuta. Kenneth Knowlton akalichapisha toleo lake 1965. Kumbukumbu hukatwa nusu kwa nusu hadi upatikane ukubwa unaotosha, na kinaporudishwa kipande, pacha wake akiwa huru huunganishwa tena. Kwenye mashine nyingi ukurasa ni baiti 4096, na Linux kwa kawaida huunganisha hadi kurasa 1024, yaani mebibaiti 4. Uzuri wake ni kwamba kumpata pacha hakuhitaji kutafuta: unageuza biti moja tu ya namba ya ukurasa. Kipande cha kurasa nne kinachoanzia ukurasa wa 8 pacha wake anaanzia 12. Cha 12 pacha wake ni 8.

Msimbo wake ni mfupi na unapendeza, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu msimbo unaopendeza msomaji huupitia akitabasamu. Kijana mmoja alileta kiraka cha kuunganisha pacha. Unarudisha kurasa 8 hadi 11. Kiraka kinatazama ukurasa wa 12: je, umeandikwa kuwa ni mwanzo wa kipande huru? Ndiyo. Basi unganisha, tuna kurasa nane. Nikauliza, "Ukurasa wa 14 na wa 15 ni za nani?" Hakuelewa nilikotoka. Ni kwamba ukurasa wa 12 unaweza kuwa mwanzo wa kipande huru cha kurasa mbili tu, 12 na 13, huku 14 na 15 zikiwa na mtu anazitumia. Haitoshi pacha awe huru. Lazima awe huru kwa ukubwa ule ule. Kiraka kile kingemnyang'anya mtu kurasa mbili akiwa ndani. Kijana akaongeza sharti moja. Nikauliza na la pili: kama kumbukumbu ya kifaa inaishia ukurasa wa 11, huo wa 12 unaotazama uko wapi? Kimya. Jirani aliye nje ya mpaka si jirani yako, hata kama hesabu inasema ndiye.

Makosa ya hesabu za ukubwa sitayasimulia sana maana yamesimuliwa vya kutosha, lakini moja huwa nalitumia kuwatisha wageni. Mtu anaomba nafasi ya vitu 65,537, kila kimoja baiti 65,536. Kwenye namba ya biti 32 zao lake linafurika, na kinachobaki ni 65,536. Yaani anapewa nafasi ya kitu kimoja, na mkononi ana kibali cha kuandika vyote. Hakuna onyo. Ndiyo maana Linux ina funksheni za kuzidisha zinazokagua kufurika kabla ya kuomba, na ndiyo maana nikiona alama ya kuzidisha ndani ya mabano ya ombi la kumbukumbu naacha kusoma mengine yote. Ndugu yake mdogo, ambaye hujificha vizuri zaidi, ni kupandisha ukubwa hadi ugawanyike kwa 16: ongeza 15 kisha futa biti nne za mwisho. Ukileta namba iliyo karibu kabisa na kikomo, inazunguka na kuwa sifuri. Mgawaji anapokea ombi la baiti sifuri, na wagawaji wengi hulijibu kwa furaha.

Eneo lililonifunza unyenyekevu zaidi ni la kushindwa. Kila mwombaji hupaswa kuuliza, nikinyimwa je? Wengi huandika jibu, lakini jibu hilo haliendeshwi hata mara moja, kwa sababu kwenye mashine ya mwandishi kumbukumbu haiishi. Mwaka 2014 watunzaji wa Linux walijikuta kwenye mjadala mzito juu ya jambo hili hili: maombi madogo ya kawaida, ya kurasa nane au pungufu, kwa vitendo hayakataliwi. Mgawaji huzunguka na kuzunguka akitafuta nafasi, hata kuua programu, mradi asiseme hapana. Matokeo yake maelfu ya mistari ya kushughulikia kunyimwa ipo, na haijawahi kupumua.

Sisi tuliweka swichi ya kukataa kwa makusudi. Unaiambia kerneli, kataa ombi la kumi, halafu la kumi na moja, na kuendelea. Linux ina chombo cha namna hiyo na ninakipendekeza kwa yeyote. Jioni tuliyoiwasha mara ya kwanza kerneli yetu haikumaliza hata kuwaka. Nilikaa na orodha ya ajali zile na nyingi zilikuwa na sura moja: mtu ameomba vipande vitatu, cha tatu amenyimwa, anarudisha viwili vya kwanza kwa adabu zote. Lakini kipande cha kwanza alikuwa amekwisha kukitundika kwenye orodha ya vifaa vilivyo tayari. Amekirudisha kwa mgawaji, na orodha ya vifaa bado inakielekezea. Nguo ya kuazima haisitiri, na hii mwenyewe alikuwa ameshaichukua.

Halafu kuna suala la kusubiri. Kwenye Linux mwombaji huambatanisha alama inayosema anaruhusu nini. GFP_KERNEL maana yake niko tayari kulala hadi nafasi ipatikane. GFP_ATOMIC maana yake siwezi kulala, nipe sasa au nikatalie. Sisi tulikuwa na alama mbili za aina hiyo. Kosa la kawaida ni kuomba kwa alama ya kulala ukiwa umeshika kufuli ambalo halitakiwi kushikwa na aliyelala. Siku 300 za mwaka kumbukumbu ipo tele, hakuna anayelala, hakuna kinachoonekana. Siku kumbukumbu inapobana, uzi unalala na funguo mfukoni, na kila anayelitaka lile kufuli anasimama mlangoni hadi mashine iwashwe upya.

Kuna toleo lake la mduara ambalo nilichukua muda kulielewa. Mfumo wa mafaili umeshika kufuli lake na unaomba kumbukumbu. Mgawaji hana. Anaanza kutafuta kurasa za kuachia, anakuta nyingi zina data ambayo haijaandikwa diskini, anamwambia mfumo wa mafaili, tafadhali ziandike. Mfumo wa mafaili, ili ziandikwe, unahitaji lile kufuli ambalo wenyewe umelishika. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na wote ni mtu mmoja. Linux ina alama ya GFP_NOFS kwa ajili hiyo hasa: nitafutie nafasi, ila usinirudie mimi. Kwa hiyo nikiona ombi la kumbukumbu kwenye kiraka, sisomi funksheni ile peke yake. Napanda juu, nani anaiita, na huyo anaitwa na nani, na njiani wameshika nini. Wakati mwingine napanda ngazi sita au saba. Kiraka cha mistari mitano kinaweza kunichukua asubuhi nzima kwa sababu hiyo, na mtu anayepima kazi ya kupitia msimbo kwa mistari atanifukuza.

Vyombo vya kukagua husaidia, sitaki nionekane mtu wa penseli tu. Tuliazima kwa Linux ule mtindo wa kupaka sumu: kipande kikirudishwa, baiti zake huandikwa 0x6b, ambayo kwa herufi ni k. Ukiona rejista imejaa 6b6b6b6b unajua mara moja kwamba kuna mtu kasoma kipande alichokwisha kukirudisha. KASAN, iliyoingia Linux 2015, huenda mbali zaidi. Kila baiti nane za kumbukumbu zina baiti moja ya kivuli inayosema kama unaruhusiwa kuzigusa. KFENCE ya 2021 hufanya sampuli chache tu, kwa hiyo inaweza kubaki imewashwa hata kwenye mashine zenye kazi. Vyote vizuri. Lakini hitilafu yetu ya A na B ilipita chini ya sumu bila kuguswa. Sumu humkamata aliyerudi baada ya kukabidhi chumba. Pale watu wawili walikuwa wamepewa ufunguo wa chumba kimoja kihalali kabisa, na hakuna aliyekuwa amekabidhi chochote. Chombo kingelia siku wote wawili wangekuja kurudisha A, na mashine haikuishi hadi siku hiyo.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyenifundisha ni namna ya kusema. Miaka ya mwanzo niliandika maoni ya aina ya "hii si sahihi" na kuondoka. Mwandishi hukasirika, au huogopa na kurekebisha mahali nilipoonyesha tu. Siku hizi natuma mfuatano wa matukio: katizo linaingia hapa, linachukua hiki, kinarudi kile, niambie kichwa ni nini. Mara nyingi mwandishi hupata jibu kabla hajamaliza kusoma. Na mara chache, si mara moja wala mbili, ananijibu kwamba mfuatano huo hauwezekani kwa sababu fulani ambayo sikuiona, na yuko sahihi. Nikiwa nimesema "si sahihi" ningekuwa nimejiaibisha. Kwa kuwa niliuliza, nimejifunza kitu bure.

Mwaka jana nilileta kiraka changu mwenyewe. Kilikuwa kidogo, cha kusafisha njia ya kurudisha vipande. Kilisoma namba ya prosesa tunayoendeshwa juu yake, kikazuia makatizo, kikaweka kipande kwenye orodha ya prosesa yenye namba hiyo. Nilikiandika asubuhi, nikakijaribu mchana, nikakituma nikiwa na hakika nacho. Aliyekipitia ni dada yule yule wa mistari 38, ambaye sasa watu humwogopa kuliko mimi.

Aliandika maoni mamoja, kati ya mstari wa kusoma namba na mstari wa kuzuia makatizo. "Kaka, hapa katikati bado tuko kwenye prosesa ile ile?"

Nikatazama. Nikatafuta kinga huko juu, kwa waitaji, ngazi moja, mbili, tatu. Haikuwepo. Uzi ungeweza kuhamishwa pale pale, ukaendelea upande wa pili ukiwa na namba ya prosesa ulikotoka, na ukaweka kipande kwenye orodha isiyo yake wakati mwenye orodha naye anaigusa. Makatizo yangekuwa yamezuiwa barabara, kwenye prosesa isiyohusika.

"Hapana," nikamjibu. Nikabadilisha mistari miwili, wa juu ukawa chini, nikakituma upya. Alikikalisha siku nne kabla ya kukipitisha.